Maiti Aliyesema Shikamoo

Nianze na la aibu ili tumalizane nalo mapema: yule maiti wa Lusahunga aliyemwamkia katekista ni mimi. Wasikudanganye wengine, maana nimesikia kuna dereva mmoja wa malori anasimulia kwenye vibanda vya njiani kwamba yalimkuta yeye. Ni mimi, Mabula. Nilikuwa nimelala juu ya meza ya ofisi mchana kweupe, nimefunikwa shuka la maua, pamba puani, mikono kifuani. Mzee wa watu akafunua shuka aniombee, macho yetu yakakutana, na mimi kwa malezi mazuri niliyopewa nikasema, "Shikamoo mzee." Hiyo sehemu watu wanaijua. Wasichojua ni kwamba muda huo chini ya shuka nilikuwa nalia, machozi ya kweli, yananitiririkia masikioni, na wala sikuwa nalia kwa hofu. Hiyo sijamwambia mtu miaka yote mpaka juzi juzi, na kwa kuwa nimeshamwambia mmoja, naona bora niwaambie wote kuliko kuanza kuchagua.

Kilichoniamsha kuyasema haya ni kipaimara cha binti wa Injinia Nestori, kule kwao Ngara. Timu nzima tulialikwa, wote wanne, tukawekwa meza moja karibu na spika, mahali ambapo huwa wanawekwa wageni wasiojulikana wakae wapi. Sasa hivi Injinia ana kitambi cha heshima na miwani. Zabroni kanyoa upara ili tusione ulikokuwa unaanzia. Mwanaidi kaja toka Biharamulo mjini na baibui jeusi na ule ulimi wake, haujazeeka hata kidogo. Mimi nina mvi za mbele, nasema ni vumbi. Tunakula pilau, yule binti wa kipaimara akaja kusalimia na gauni lake jeupe, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Alipofika kwangu akasimama, akanitazama sana, kisha akamgeukia baba yake: "Baba, ndiye huyu maiti?" Injinia akasema, "Ndiye." Mtoto akaondoka, akarudi na kundi la wenzake waje kuangalia. Niliendelea kula pilau yangu kwa utulivu wote ambao mtu anaweza kuwa nao akiwa kivutio cha watalii.

Mwaka ule nilikuwa kijana, nachaji simu za madereva pale njia panda ya Lusahunga. Shule niliacha kidato cha pili, au tuseme shule ndiyo iliniacha, mimi nilikuwa nyuma bado nakimbia. Wakaja hawa watu watatu na laptopu zao, wakapanga sebule ya Mama Jeska, mama lishe, nyuma ya kibanda changu, wakawa wanatengeneza mfumo wa meseji. Mkulima wa Nyakahura au Runazi anatuma neno "maharage" kwenye namba yao, anarudishiwa bei ya siku hiyo pale Lusahunga ambapo malori yanapakia, ili dalali asimdanganye. Kila siku walikuwa wanakuja kwangu kuomba niwaitie mtu ajaribu, na mimi najaribu mwenyewe kwa uvivu wa kuita mtu. Natuma "mahalage" kama wanavyoandika wengi wetu huku, natuma "maharage yameoza", natuma matusi kidogo, mfumo unakwama, Mwanaidi anatoka nje kakunja uso: "Nani kafanya hivi?" Ikawa kila ninachogusa kinaharibika. Injinia akaniajiri. Cheo changu kiliitwa mjaribu, maana yake wakishatengeneza, mimi naharibu kabla wakulima hawajaharibu. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kupewa kwa kipaji.

Ile sebule naikumbuka kuliko nyumba nilizoishi baadaye. Meza moja kubwa ya mbao nzito, zamani ilikuwa ya baa, ina alama za chupa za mviringo kila mahali, kwa hiyo mtu akiweka kikombe anachagua mviringo wake. Lori likipita, kioo cha dirisha kinaongea. Ukuta wa kati yetu na jiko la Mama Jeska haukufika kwenye bati, uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, na juu yake moshi, harufu na maneno vilikuwa vinapita bure. Tulijua chakula cha mchana tangu asubuhi. Ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa karanga, siku nyingine sangara mkavu, siku ya mvua ndizi zimepikwa na maharage zikawa nzito unazikata. Mama Jeska alikuwa anatugawia kwa mwiko huku anatuuliza maswali ambayo bosi wetu wa Dar, mwenye pesa za mradi, hakuwahi kutuuliza. "Nyie mnauza nini?" Injinia anajibu, "Hatuuzi mama, tunatoa taarifa." "Taarifa inaliwa na nini?" Zabroni anacheka mpaka anakohoa. Zabroni ndiye aliyekuwa anachora vile vinavyoonekana kwenye skrini, na jioni anaimba kwaya, sauti ya kwanza, ana koo la kuamsha kata nzima. Liweke hilo koo akilini.

Injinia alikuwa amesomea Dar utaratibu wa kazi unaoitwa ajaili. Kwa nilivyouelewa mimi, mnafanya kazi kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili mnakaa mnaulizana wapi mmeharibu, mnarekebisha, mnaendelea. Hicho kikao cha kuulizana ndiyo wanakiita retro. Wazo zuri kabisa, nasema mpaka leo. Shida ilikuwa sisi. Injinia ni mtu mpole wa kutoka Ngara, shati limepigwa pasi hadi mkunjo wa mkono unakata, na alikuwa anamwogopa bosi wa Dar kama mtu anavyoogopa mvua na ameanika mahindi. Basi Ijumaa ya retro anatugawia vikaratasi vya kubandika ukutani. Nini kimeenda vizuri? Tunaandika "ushirikiano". Nini hakikwenda vizuri? "Mtandao." Tufanye nini? "Tuongeze juhudi." Injinia anasoma vyote kwa sauti, anatabasamu, anasema, "Tuko vizuri." Mwanaidi anatazama dirishani. Wiki mbili zikipita tunabandika vilevile. Siku moja nilimwambia Zabroni tusiandike vipya, tuvipige pasi vile vya zamani.

Mwanaidi ndiye aliyekuwa anaujenga mfumo wenyewe, ile mistari ambayo ukiitazama unaona kama kuku kapita na wino. Kazaliwa Biharamulo mjini kwenye maduka ya nguo, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, Mzaramo. Mimi Msukuma. Kwa hiyo sisi ni watani, na tangu siku ya kwanza hatukupeana nafasi ya kupumua. Nikichelewa ananiuliza kama michembe, vile viazi vyetu vikavu vya Kisukuma, ilikuwa bado haijaiva. Akinuna namuuliza kama kasikia ngoma kwa mbali na kanyimwa ruhusa ya kwenda. Kwa utani alikuwa ananiambia chochote. Kwa Injinia alikuwa anasema, "Sawa." Na siku zinavyokwenda hiyo "sawa" ikawa fupi zaidi, mpaka ikabaki kama mlango unaofungwa.

Halafu ikaja siku ya gulio la Nyakahura. Mwanaidi alishasema mfumo hauwezi kubeba watu wengi kwa mara moja, nilimsikia mwenyewe, tena kwa upole. Injinia akasema tuko vizuri, kumbe alikwishamwahidi bosi kwamba gulio hili tunazindua. Tukaenda. Asubuhi wakulima wametuma meseji, wanasubiri, magunia yamesimama, madalali wamesimama pembeni wanachezea funguo za magari. Hakuna jibu. Saa zikaenda, watu wakauza kwa bei ya dalali kama kawaida, na jioni wote wameshafika makwao ndipo simu zikaanza kulia kila kona, bei ya maharage hii hapa. Pale gulioni kabla hatujaondoka palikuwa pabaya. Watu walituzunguka mimi na Mwanaidi, kila mmoja na simu yake mkononi kama jiwe. Nitarudi hapo.

Jumatano iliyofuata niko sebuleni peke yangu, wenzangu wametoka, nasikia upande wa jikoni Mwanaidi anamsaidia Mama Jeska kuchambua maharage. Unasikia yanavyoanguka kwenye bakuli, tak, tak. Mwanaidi akasema, "Jumamosi napanda basi la Mwanza, mama. Kuna watu wameniita kazi. Sirudi."

Tak, tak ikakoma. "Umegombana na nani?"

"Ningegombana ningebaki. Hapa hakuna mtu wa kugombana naye. Wote wapole. Unasema kitu kinaungua, wanakwambia asante kwa mchango wako."

"Mwambie basi yule Injinia."

"Nimemwambia mpaka nimechoka sauti yangu mwenyewe."

Mama Jeska akasema, "Basi kula kabla hujaondoka, Mwanza samaki wote wa kwao wanapelekwa nje." Nikabaki nimekaa kwenye meza ya baa, kidole kwenye mviringo. Nilijua hesabu ni moja tu: Mwanaidi akiondoka, mfumo umekufa, na mimi narudi kuchaji simu. Lakini sitadanganya, kilichoniuma hakikuwa kazi. Kazi nilikuwa nimeishi bila hiyo. Kilichoniuma ni kwamba nitakaa Lusahunga na wapole watupu.

Sasa bahati ina mambo yake. Alhamisi asubuhi Injinia akaja shavu limevimba, jino, hawezi kuongea vizuri. Akasema kwamba hata kwenye ajaili inashauriwa kikao kiongozwe kwa zamu, na kiwe na mchezo ndani yake ili watu wafunguke, wenzetu wengine wanafanya kama safari ya meli au mechi ya mpira. Kesho zamu ya nani? Zabroni akaangalia laptopu yake. Mwanaidi akaangalia dirisha. Mimi nikasema, "Zamu yangu." Injinia akafurahi mpaka akashika jino. Akaniuliza, "Utatumia mchezo gani?" Nikasema, "Msiba."

"Msiba?"

"Mfumo umekufa Nyakahura, Injinia. Hatujauzika. Kesho tunazika."

"Kwetu msiba hauchezewi, Mabula."

"Hata kwetu hauchezewi. Ila watani wanaruhusiwa."

Naomba nieleze hapo kwa asiyejua. Msibani watu wote wanasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Mtani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusimama na kusema ukweli: alikuwa mchoyo, alikuwa na wivu, jeneza lenyewe limemzidi. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Mimi nilikuwa nimeona misiba mingi na retro chache, nikaona wazi kwamba retro yetu ilikuwa msiba usio na watani. Basi nikapanga ratiba vizuri, nikaiandika kwa kalamu nene: wasifu wa marehemu, salamu za rambirambi, chanzo cha kifo, watani, na mwisho mirathi, yaani nani anarithi kazi gani. Maiti nikajiteua mwenyewe. Mzaramo hawezi kuitania laptopu. Anahitaji Msukuma.

Ijumaa tulifunga mlango, tukaacha dirisha wazi kwa ajili ya joto. Nikapanda mezani, Zabroni akanifunika shuka la maua alilokuja nalo, pamba nikajiwekea mwenyewe maana wao walikuwa wanacheka. Kutoka chini ya shuka nikatangaza, "Kikao kimeanza. Wafiwa wakae mkekani. Zabroni, lia." Nilimaanisha alie kidogo, kama kengele ya kufungua. Zabroni, mtu wa kwaya, akavuta pumzi. Jamani. Kile kilio kilianzia chini, kikapanda, kikatoka dirishani, kikavuka barabara. Nahisi hata malori yalipunguza mwendo. Injinia akasema, "Zabroni, taratibu!" Zabroni keshanogewa, anamalizia ubeti wa pili.

Injinia akasoma wasifu kwa shavu lake lililovimba, kifupi, marehemu alizaliwa hapa, akafia Nyakahura. Rambirambi, Zabroni akasema marehemu alikuwa na sura nzuri, kumbe anasifia michoro yake. Nikasema kutoka chini ya shuka, "Sasa mtani." Kimya. Nikawaza, amegoma, kesho anaondoka, nimelala hapa bure na pamba zinawasha.

Halafu nikasikia stuli inasogezwa. "Mtani wangu," Mwanaidi akasema, "umekufa kweli? Na ile michembe yote tumwachie nani?" Zabroni akacheka. "Msimzike na viatu, vya kuazima hivyo. Mchimbe kaburi pana, huyu alikuwa anakula kama anahamia." Wakacheka wote, hata Injinia. Akaendelea, na taratibu sauti ikawa inabadilika, kama mtu anayeshuka mlima na breki hazishiki. "Marehemu huyu alizaliwa njiti. Nilisema abaki tumboni. Wakasema haiwezekani, huko Dar wameshaahidiwa mtoto. Nani kaahidi? Wafiwa wamenyamaza. Nilisema habebi watu wengi. Wakaniambia tuko vizuri. Nikasema tena, wakaniambia, Mwanaidi, tuongeze juhudi. Mnajua marehemu kaugua nini? Kaugua 'tuko vizuri'. Ndiyo iliyomuua." Hakuna aliyecheka tena. Mimi chini ya shuka sioni kitu, maua mekundu tu, nasikia Injinia anapumua puani. "Na siku ile Nyakahura, watu wametuzunguka, wafiwa mlikuwa ndani ya gari na vioo mmepandisha, mnatafuta mtandao. Aliyesimama mbele yangu ni huyu maiti mjinga. Anawaambia watu, mimi ndiye niliyeharibu, nitukaneni mimi, kazi yangu ndiyo kuharibu. Hajui kuandika hata mstari mmoja. Kawapokea wote yeye. Na mimi sijamwambia asante, kwa sababu ni Msukuma, angevimba."

Hapo ndipo nikalia. Sikupanga. Mtu unalala pale kama mchezo, mara unasikia unasemwa vizuri kana kwamba haupo. Na yeye naye alikuwa analia, nilimsikia. Juzi Ngara nilipomwambia hili, akaniambia, "Niliona shuka linatikisika, nikadhani ni lori."

Kwa hiyo sikuzingatia vizuri zile sauti nyingine. Nikasikia kuni zinatupwa chini uani, pu. Nikasikia ndoo. Nikasikia mama mmoja analia kwa sauti nisiyoifahamu, halafu mwingine, nikajiuliza mbona timu imekuwa kubwa. Kumbe kilio cha Zabroni kimefika kote, na Lusahunga mtu akilia jirani haulizi, anafunga kanga kiunoni anakuja na alichonacho. Mlango ukasukumwa. Watu wakaingia wanaona nini? Msichana analia kweli kweli, Injinia shavu limevimba kama kalia usiku kucha, Zabroni mdomo wazi, na mwili mezani. Sauti ya Bibi Anastazia, anayeuza maharage ng'ambo ya barabara, niliitambua: "Mungu wangu, Mabula! Jana tu kanichajia simu!" Mwingine akasema, "Alikuwa mcheshi." Mwingine, "Mcheshi, lakini kula!" "Na ndiyo alikuwa ameanza kuvaa vizuri, masikini." Nilitaka kuinuka, nawaapia. Lakini utainukaje? Kila sekunde ikipita kosa linakuwa kubwa zaidi, na mimi, bwana, nilikuwa pia nataka kusikia mwisho wake. Nikasikia hatua za taratibu. Mzee Petro katekista, jirani wa tatu, alikuwa amefika. Shuka likaondoka usoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. Mazoea. Halafu uso wake ukaelewa.

Sitaeleza sana kilichofuata. Mlango ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi. Bibi Anastazia, na umri wake, alitokea dirishani, tena na unga wake, hakuuacha. Mzee Petro peke yake hakukimbia, alikaa chini taratibu kwenye mkeka na kusema, "Yesu na Maria." Nikatoa pamba, nikawa namwambia, "Nisamehe mzee, ni kikao cha kazi, mzee." Mama Jeska akaingia na mwiko, akanipiga nao begani kuhakikisha, akatoka nje kuwaita watu warudi. Wakarudi mmoja mmoja, kila anayeingia ananigusa kwanza.

Mzee Petro alipopata pumzi akauliza swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye retro zetu: "Sasa kama huyu ni mzima, aliyekufa ni nani?"

Mimi nikafungua mdomo nitoe mzaha. Injinia akanitangulia. Akasimama pale kwenye mkeka, shati lake limekunjamana mara ya kwanza tangu nimjue. "Aliyekufa ni mfumo wetu wa meseji, mzee. Na aliyemuua ni mimi. Niliahidi siku ya kuzindua bila kumuuliza anayeujenga. Alinionya. Sikutaka kusikia, kwa sababu ningesikia ningelazimika kumpigia bosi simu." Alikuwa haongei na Mwanaidi, alikuwa anamwambia katekista, lakini wote tulijua inakwenda wapi.

"Ah, yule!" Bibi Anastazia akasema. "Yule alikufa tangu gulio! Mimi nimefika nyumbani, navua viatu, ndiyo ananiambia bei. Mmechelewa kuzika, ananuka." Sebule nzima ikaangua kicheko. Halafu kila mtu akawa na neno lake kwa marehemu, na hakuna aliyeandika "ushirikiano". Mmoja jibu lilikuja kwa maandishi madogo mno. Mwingine alijibiwa bei ya mahindi na kauliza mihogo. Zabroni akachukua kalamu nene akawa anabandika, ukuta ukajaa. Bibi Anastazia akauliza, "Fundi wake nani?"

"Mimi, bibi," Mwanaidi akasema.

"Utamfufua?"

"Wiki hii haiwezekani."

"Sijasema wiki hii."

 Mwanaidi akajifuta macho na ncha ya mtandio, akasema atakwenda kuangalia chai. Mimi na Mama Jeska ndio tuliojua kwa nini hakujibu.

Unga ulikuwa umeshaletwa, na Mama Jeska akasema wa msibani haurudi nyumbani. Kuni zipo, maji yapo. Wakasonga ugali wa watu wote, maharage ya Bibi Anastazia, tukala uani na Mzee Petro akaubariki. Nilipewa nyama peke yangu, kipande kimoja, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali. Na wakati tunakula ndipo ikaanza. Injinia akamuuliza Mwanaidi anahitaji muda gani. Mwanaidi akataja miezi. Injinia akaweka tonge chini, akasema, "Hapana." Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Hapana, miezi hiyo ni mingi, wakulima watakuwa wameshavuna." Mwanaidi akamwambia hajui anachosema. Injinia akamwambia anajua, yeye pia alisoma hiyo kazi, tatizo la foleni ya meseji linatatuliwa hivi na hivi. "Utalitatua wewe?" "Nitalitatua na wewe ukiacha kuninunia!" Watu wakabaki na matonge mkononi. Mama Jeska akaninong'oneza, "Waachanishe." Nikamwambia, "Mama, nyamaza kabisa." Waliondoka pale uani wakaingia sebuleni wanaendelea, na juu ya ukuta usiofika kwenye bati yakawa yanapita maneno ya kompyuta, makali, moja baada ya jingine, mpaka sufuria zimeoshwa.

Leo naongoza vikao vya watu wenye vyeti vya kuning'iniza ukutani, huko Biharamulo na Ngara, na wananilipa nauli na chakula. Huwa wananiuliza siri ya retro nzuri. Nawaambia siri sina, ila naangalia kama kuna mtu anatazama dirishani. Huyo ndiye kikao chenyewe. Wengine wote ni waombolezaji. Naisema kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyesoma.

Jumamosi ile asubuhi nilitoka mapema kufungua kibanda. Mwanaidi alikuwa amesimama kando ya barabara, begi liko chini miguuni.  Nikaenda nikasimama naye. Basi la Mwanza likaja, likapunguza, konda akaning'inia mlangoni: "Mwanza, Mwanza, dada twende, siti ipo!" Mwanaidi akalitazama begi, akanitazama mimi, na macho yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hakulala lakini hajachoka.

"Dada vipi?" konda akauliza.

Akampungia mkono aende. Basi likaondoka, vumbi likatufunika wote wawili.

"Nilisikia," nikamwambia. "Jumatano. Ule ukuta."

"Najua. Mama Jeska kaniambia unasikiliza kama panya." Akaokota begi, akanibebesha mimi kama kawaida, akaanza kutembea kurudi ofisini. Katikati ya barabara akageuka.

"Mabula, yule mtu kanibishia mpaka ugali umepoa. Sasa naondokaje, na bado sijamshinda?"